Kreti ya Bluu Iliyosimama

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Sijatia chumvi hata punje moja. Nilikuwepo, nimeketi kwenye benchi langu, na niliona kwa macho yangu haya mawili. Najua wako watu mtaani wanaosema kwamba mimi nikifungua mdomo, ukweli hutoka mbio. Kwa ajili yao naweka ahadi hapa mbele ya wasomaji wote. Akitokea mtu akanikamata na uongo hata mmoja humu ndani, nitafagia kibaraza cha mshonaji wa mtaa wetu kila asubuhi, mwezi mzima. Mimi mwenyewe, na mgongo wangu huu wa kustaafu.

Haya, tulieni sasa.

Palikuwa na dereva wa gari la mikate. Jina lake la utani lilikuwa Kipanga. Alipewa na wenzake wa kiwandani alipokuwa kijana, kwa sababu ya macho yake. Wanasema aliweza kumwona sisimizi juu ya ukuta wa ng'ambo ya barabara, na akakwambia kama sisimizi huyo ana haraka au anatembea tu. Hilo sikulishuhudia. Nalisema kama nilivyolisikia.

Wakati wa habari hii Kipanga alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Alikuwa na watoto wawili wa shule. Mkewe alikuwa mshonaji. Mke huyo alimzidi Kipanga mwaka mmoja, na hakumwacha asahau.

Kila siku saa kumi na moja alfajiri Kipanga alifika kiwandani. Alipakia mikate ikiwa bado ya moto. Kisha aliingia barabarani. Alikuwa na maduka thelathini na mawili ya kupelekea mikate, na mengine yalikuwa bado hayajafunguliwa wakati akipita. Kwa hiyo wenye maduka na madereva walikuwa na lugha yao. Mwenye duka aliacha kreti tupu ya plastiki ukingoni mwa barabara. Kreti nyekundu maana yake, niachie mikate kumi. Kreti ya bluu, niachie ishirini. Kreti iliyopinduliwa chini juu, leo sitaki, pita.

Madereva nao walikuwa na mchezo wao. Dereva hodari alisogeza gari mpaka bampa ikaribie kabisa kreti, kisha akasimama kabla ya kuigusa. Waliuita mchezo huo kubusu kreti. Kipanga ndiye aliyekuwa bingwa wa kubusu.

Basi mwaka huo mambo yakaanza kwenda kombo.

Asubuhi moja kinyozi alimsubiri Kipanga mlangoni, mikono kiunoni.

"Wewe Kipanga! Nani alikuambia mimi nauza mikate?"

"Hujaagiza?"

"Niagize vipi? Mimi nanyoa ndevu. Jana nimefika hapa nakuta mikate ishirini juu ya pipa langu la taka!"

Kipanga alilitazama lile pipa. Lilikuwa la bluu. Akakuna kichwa.

"Mbona jana lilikuwa kreti?" aliuliza.

"Lilikuwa kreti saa ngapi? Pipa langu lina miaka sita."

Kipanga aliondoka akiwa hajaelewa kitu. Alikumbuka vizuri. Aliona kitu cha bluu ukingoni, akashusha mikate ishirini gizagiza, akaenda zake. Sasa kreti imekuwaje pipa?

Siku tatu baadaye alipigiwa simu na mama mwenye duka la kona. Huyo alikuwa amesafiri na alipindua kreti yake. Kipanga hakuona kwamba imepinduliwa. Aliacha mikate kumi juu yake. Mama aliporudi alikuta makaratasi ya mikate tu, na kunguru wanne walionona mpaka wanashindwa kuruka.

"Wananifanyia makusudi," Kipanga alimwambia mkewe jioni ile. "Nikikaribia, kreti iko wima. Nikiondoka, wanaipindua."

"Nani?"

"Wenye maduka. Wamekula njama."

"Maduka thelathini na mawili yakutane usiku, yajadili kreti zako?" Mkewe alikata uzi kwa meno. "Baba watoto, wewe huoni."

"Mimi? Kipanga?"

"Juzi nilikupungia mkono kutoka kituo cha basi. Ukanipita. Mbele kidogo ukakipungia mkono kibao cha matangazo."

"Kilikuwa kinafanana na mjomba."

"Kilikuwa tangazo la godoro!"

Kipanga aliinuka. Alichukua karatasi ya mkate mezani, akaisogeza puani, akasoma maandishi madogo kabisa ya chini. Alisoma tarehe, unga, chumvi, hamira, mpaka namba ya simu ya kiwanda. Kisha akampa mkewe.

"Haya, soma na wewe."

Mkewe aliisogeza karatasi mbali, akanyoosha mkono wote, akashindwa. Ilibidi avae miwani yake ya kushonea ndipo asome.

"Umeona?" Kipanga alisema. "Sasa nani haoni katika nyumba hii?"

Mkewe aliivua miwani. Na yeye akachanganyikiwa. Kweli alikuwa ameshindwa kusoma. Lakini kweli mumewe alilipungia godoro mkono. Sasa mwenye macho mabovu ni yupi?

Kipanga alitafuta mchawi kila mahali. Alisugua kioo cha mbele kwa sabuni, akakikausha kwa gazeti. Ukungu haukuondoka. Alinunua taa mpya za mbele. Bado aliona kama barabara imefunikwa na chandarua. Magari yaliyokuja mbele yake alfajiri, taa zake zilichanua kama maua makubwa yenye miiba, na Kipanga hakujua gari linaishia wapi na giza linaanzia wapi. Alizoea kukunja macho. Akikunja, mambo yalitulia kidogo. Lakini kila mchana kichwa kilimgonga kama kuna fundi seremala ndani.

"Siku hizi wanatengeneza vibao vya barabarani kwa rangi mbovu," alimlalamikia msimamizi wa kiwanda. "Havionekani mpaka uvifikie."

Msimamizi hakucheka. Alikuwa na daftari la malalamiko mbele yake.

"Kipanga, nimekuvumilia. Pipa la kinyozi. Kunguru. Wiki iliyopita umebusu kreti ukaisaga. Ukikosea tena mara moja, funguo za gari unaziweka hapa mezani. Gari nampa mwingine."

"Bosi, miaka kumi na minane..."

"Ndiyo maana nimekuambia leo, badala ya kukuondoa jana."

Kipanga alitoka nje. Kumwaga unga akiwa na umri ule, na hajui kazi nyingine ila usukani! Na ada za watoto je? Alijiuliza kama amwambie mtu kwamba haoni sawasawa. Lakini dereva akisema haoni, si ndiyo amejifukuza mwenyewe? Akaamua kufunga mdomo.

Usiku hakulala vizuri. Alfajiri, kabla ya kutoka, aliiona miwani ya mkewe kando ya cherehani. Akaijaribu. Akaangalia kiganja chake. Lahaula! Kila mstari ulikuwa mnene kama kamba. Hii miwani ina nguvu, alijisemea. Inakuza. Ikikuza kiganja, na barabara itaikuza. Akaitia mfukoni, akaondoka kimya kimya.

Wakati bado kuna giza hakuivaa. Alienda polepole, na bahati ilimbeba. Saa moja asubuhi, jua limeshatoka, akakaribia mtaa wetu. Ndipo akaivaa.

Barabara ikayeyuka. Nyumba zikawa uji. Watu wakawa michirizi. Kipanga alishangaa. Mbona vidole kwenye usukani vinaonekana vizuri kabisa? Labda miwani inahitaji kuzoewa, aliwaza. Akaendelea.

Mbele ya duka lililopakana na chumba cha kushonea cha mkewe, aliona kitu cha bluu ukingoni. Alishusha pumzi. Bluu. Mikate ishirini. Hapa hakosei mtu. Akapunguza mwendo, akalenga, tayari kubusu.

Kreti ikasogea.

Kipanga alikunja macho. Kreti hazisogei. Labda upepo. Akazidi kukaribia.

Kreti ikasogea tena. Kisha ikasimama. Ilikuwa na mikono. Ilikuwa na kitambaa kichwani.

Kipanga alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Magurudumu yalipiga kelele. Mikate ilirushwa kutoka nyuma mpaka mbele. Gari liliserereka, likayumba, likasimama. Kati ya bampa na ile kreti palibaki upana wa kidole kimoja. Kidole chembamba, nawaapia.

Haikuwa kreti. Alikuwa mama mkwe wake, ndani ya gauni la bluu. Alikuja kumtembelea binti yake. Kikapu kilimponyoka akiwa ukingoni, akainama kuokota nyanya zake. Nyanya saba nyekundu, zilizoiva, zilikuwa zinabingirika barabarani.

Kipanga alishuka. Alitafuta la kusema, akapata moja tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama mkwe alijibu. "Zima gari."

Akalizima. Mama mkwe alijipangusa gauni polepole, akamtazama kuanzia viatu mpaka miwani.

"Mkwe wangu," akasema, "mimi ulinihesabia mikate mingapi?"

"Ishirini, mama."

"Ishirini. Ahsante kwa heshima."

Kisha akakaa chini pale pale ukingoni. Kipanga alimtazama pale chini, akaanza kuwaza. Kama angeinuka sekunde moja baadaye? Kama angekuwa mtoto, mfupi kuliko kreti?

Mkewe alikuwa ametoka mbio, suruali ya mteja mkononi. Asubuhi ile alikuwa ameishona bila miwani, na mfuko mmoja ameuziba kabisa. Nyuma yake alitoka jirani yao, muuguzi wa hospitali, aliyekuja kuchukua sare yake. Muuguzi huyo alifanya kazi katika chumba cha macho. Sote tulimwita Sista.

"Mama, umeumia?" Sista aliuliza. Akamshika mkono, akampima mapigo ya moyo. Aliporidhika, akamgeukia Kipanga. "Na wewe, hiyo miwani ya nani?"

"Ya... mama watoto."

"Nimeitafuta tangu alfajiri!" mkewe akafoka. "Kumbe iko barabarani inaendesha gari!"

"Nilidhani inakuza," Kipanga alisema kwa sauti ndogo.

"Ivue," Sista alisema. "Sasa tazama lile gari lililoegeshwa pale mbele ya duka la simu. Ni kama hatua ishirini na tano. Nisomee namba zake."

Kipanga alikunja macho. Alijaribu jicho moja, akajaribu la pili. Aliona kitu cheupe tu. Yaani aliona kipande cha sabuni.

"Gari lenyewe halina namba," alisema.

Mama mkwe, bado amekaa chini, alizisoma zote kwa sauti, herufi na tarakimu. Alikuwa na miaka sitini na minane.

"Hicho si kipimo cha hospitali," Sista alisema. "Ni cha kukuamsha tu. Lakini mtu asiyeona namba za gari karibu hivyo hafai kushika usukani. Leo huendeshi tena."

"Nikiacha gari hapa nimefukuzwa kazi!"

"Na ukiliondoa?"

Kipanga alimtazama mama mkwe. Akatoa funguo mfukoni, akamkabidhi mkewe. Kisha alimpigia msimamizi simu. Alitaka kusema gari limeharibika. Mdomo ulishafunguka kabisa. Lakini mama mkwe alikuwa anamtazama.

"Bosi," akasema, "mimi sioni."

Upande wa pili kiti kilisikika kikisogezwa.

"Namtuma dereva mwingine akamalizie safari," msimamizi alijibu. "Wewe nenda hospitali. Kesho kutwa uje na karatasi ya daktari. Tutajua kama funguo ni zako au si zako."

Kesho yake Kipanga na mkewe walikwenda hospitali. Walikaa kwenye benchi nje ya chumba cha macho. Mlango ulikuwa wazi nusu. Mgonjwa aliyetangulia alisoma herufi za ukutani kwa sauti kubwa, mstari baada ya mstari. Kipanga akatega sikio. Akazishika zote kichwani. Aliona huo ni mtihani, na akishindwa, maisha yake yamekwisha.

Zamu yake ilipofika, Sista alimkalisha kwenye kiti, akamziba jicho moja. Ubao wa herufi ulikuwa ukutani, mbali. Kipanga aliona ukuta mweupe wenye madoa ya nzi. Lakini hakusita. Alizitaja herufi zote bila kukosea hata moja, mpaka mstari wa mwisho, kama mtoto anayekariri shairi.

"Hongera," Sista alisema. "Umesoma vizuri sana."

Kipanga akatabasamu.

"Shida ni moja tu. Mgonjwa aliyepita alipotoka, nilibadilisha ubao."

Mkewe alijifunika uso kwa mikono. Kipanga aliangalia viatu vyake, ambavyo aliviona vizuri.

"Sikiliza, ndugu yangu," Sista alisema. Alivuta kiti, akakaa karibu naye. "Hapa hakuna kufaulu wala kufeli. Mimi sikuajiri, wala sikufukuzi. Lakini ukinidanganya mimi, hutanigonga mimi. Utamgonga mtu mwingine huko barabarani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Sista."

"Haya. Sema unachokiona."

"Madoa ya nzi."

"Sasa ndiyo tumeanza kazi."

Sista alimvalisha fremu nzito ya chuma. Alitia kioo kimoja, akakitoa, akatia kingine. Kila mara aliuliza, "Hiki au kile cha kwanza?" Mwanzoni Kipanga alichanganyikiwa, akawa anajibu, "Vyote vizuri." Baadaye akatulia. Madoa ya nzi yakakusanyika. Yakawa na pembe. Yakawa herufi. Daktari naye alikuja, akammulika ndani ya macho kwa taa ndogo, akapima presha ya macho. Walimpima na sukari ya damu pia.

"Kwa nini sukari?" Kipanga aliuliza. "Nimekuja na macho."

"Kwa sababu sukari ikipanda, nayo huharibu macho," daktari alisema. "Na kuna mtoto wa jicho, na magonjwa mengine yanayoingia polepole bila maumivu. Tulitaka kujua ni lipi. Wewe huna hayo. Tatizo lako ni kwamba huoni mbali. Linatibika kwa miwani."

"Lakini nasoma maandishi madogo kabisa! Mama watoto ndiye anashindwa!"

Sista alicheka. "Ndipo mlipopotea nyote wawili. Macho ya mkeo yanaona vizuri mbali, karibu yanakosa. Ya kwako yanaona karibu, mbali yanakosa. Kusoma karatasi ya mkate hakukuambii chochote kuhusu barabara. Barabara iko mbali."

"Na miwani yake?"

"Imetengenezwa kumsaidia yeye kuona karibu. Wewe ukiivaa, mbali kunazidi kuharibika. Ni kama kuvaa kiatu cha mtu mwingine, tena kwenye mguu usio wake. Miwani haiazimwi, wala hainunuliwi barabarani kwa kujaribu jaribu. Kwanza unapimwa."

Mkewe aliuliza, "Mbona yeye hakujua? Mtu atakosaje kujua kwamba haoni?"

"Kwa sababu macho yake yalipungua nguvu kidogo kidogo. Kila siku alidhani anavyoona leo ndivyo dunia ilivyo." Sista aliandika kwenye karatasi yake huku akizungumza. "Na gari halisubiri. Likienda kilomita hamsini kwa saa, kila sekunde moja linakula mita kumi na nne hivi. Ukichelewa sekunde mbili kutambua kilicho mbele, umeshakwenda karibu mita thelathini, na mguu bado haujagusa breki."

Kipanga alikuwa anapiga hesabu ya mita thelathini na gauni la bluu.

Miwani ilikuwa tayari siku ya nne. Msimamizi alikuwa ameshaisoma karatasi ya daktari na kumpa ruhusa ya wiki moja. Kipanga alipoivaa mara ya kwanza, sakafu ilionekana imeinuka. Alitoka hospitali akinyanyua miguu juu kama kuku kwenye tope. Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ndiyo maana huendeshi leo wala kesho," Sista alimwambia. "Tembea nayo kwanza mpaka macho yazoee. Ioshe kwa maji na sabuni kidogo, uikaushe kwa kitambaa laini, siyo kwa pindo la shati. Weka nyingine ya akiba ndani ya gari. Na usivae miwani ya giza alfajiri kwa ajili ya urembo. Urudi kila mwaka tukupime. Ukiona mabadiliko, usisubiri mwaka uishe."

Siku ya tatu ya kuvaa miwani aliomba msimamizi ampitishe njia yake ya kila siku, yeye akiwa amekaa kiti cha abiria. Alikodoa macho njia nzima. Duka la kona lilikuwa na jina, kumbe! Pipa la kinyozi lilikuwa pipa, tena lilikuwa na mfuniko. Mtu aliweza kuona kreti iliyopinduliwa akiwa bado mbali kabisa.

Kwenye kona ya shule Kipanga akasema ghafla, "Simama, bosi."

"Nini?"

"Kile kibao. Kiliwekwa lini?"

Msimamizi alitazama. Kilikuwa kibao cha barabarani, na juu yake picha ya watoto wawili wakivuka.

"Kina miaka miwili sasa."

Kipanga alivua miwani. Watoto wakatoweka. Akaivaa. Wakarudi, wameshikana mikono.

"Miaka miwili," alisema, "nilidhani ni tangazo la soksi. Nilikuwa napita hapa bila hata kupunguza mwendo."

Msimamizi aliendesha mpaka kiwandani. Alipozima gari, alitoa funguo, akazishika kidogo, kisha akaziweka kwenye kiganja cha Kipanga.

"Dereva mwenye miwani naweza kumwajiri," alisema. "Ninayemwogopa ni yule anayejificha. Nenda ofisi ya leseni, waandike kwamba unaendesha ukiwa umevaa miwani. Usipoivaa, gari haliwaki. Na ule mchezo wenu wa kubusu kreti umekufa leo."

Wiki ile ile madereva wote wanane wa kiwanda walipelekwa kupimwa. Watatu walirudi na miwani. Mmoja wao alikuwa ndiye aliyekuwa akimcheka Kipanga kuliko wote.

Tangu hapo imepita miezi saba. Kinyozi hajaletewa mkate. Kunguru wamekonda. Kipanga akifika kona ya shule anasimama mbali, anasubiri watoto wavuke mpaka wa mwisho. Wakimpungia mkono, naye huwapungia, na safari hii ni watu kweli. Asubuhi za baridi huvaa sweta jekundu alilofumiwa na mama mkwe. Mkono mmoja una pindo la njano. Sijui kwa nini, na mambo ya mama mkwe hayaulizwi.

Habari yangu ilitakiwa iishie hapo. Niliipeleka kwa mshonaji, mkewe Kipanga, aipitie. Akavaa miwani yake, akaisoma kwa sauti pale kibarazani. Mama yake alikuwepo, anafuma. Sista alikuwepo. Mimi nilikunja nne, nasubiri sifa.

Alipofika kwenye nyanya saba, sindano za mama mkwe zilisimama.

"Nyanya gani?"

"Zile zilizokuponyoka, dada yangu," nikasema. "Zilizoiva."

"Mimi sikuwa na nyanya hata moja. Yalikuwa madonge ya uzi wa kufumia. Mekundu. Saba. Sita nikayapata, la saba likapotea. Ndiyo maana sweta la mkwe wangu limeishia na pindo la njano!"

"Halafu hicho kidole kimoja," mshonaji akadakia, "mama alikuwa mbali na bampa kwa hatua mbili nzima."

Nikasema kidole kwa mtu mwingine kinaweza kuwa kirefu. Hakuna aliyecheka. Sista alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

"Mzee, siku ile ulikuwa umekaa wapi?"

"Kwenye benchi langu. Pale ng'ambo."

"Hatua ngapi?"

"Thelathini. Nimeona kwa macho yangu haya mawili, niliandika hivyo."

"Hebu nisomee lile bango jeupe hapo juu ya mlango wa duka la simu."

Nikatazama. Nikakunja macho. "Linasema... wanauza simu."

"Lile ni shuka," Sista alisema. "Limeanikwa."

Basi nimelipa. Hospitali nilikwenda, na mimi nikakutwa na madoa ya nzi yangu, na mtoto wa jicho anayeanza kwenye jicho la kushoto. Daktari anamfuatilia. Nina miwani. Na kila asubuhi nafagia kibaraza cha mshonaji, kama nilivyoahidi, huku wapita njia wakinisimamia na kunionyesha nilipoacha taka.

Siku ya nane niliinama kufagia chini ya ngazi. Zamani nisingeona kitu pale. Kwenye kona ya mwisho palikuwa na kitu cha duara, chekundu, kimevaa utando wa buibui. Nikakivuta kwa ufagio. Nikampelekea mama mkwe wa Kipanga kwa mikono miwili.

Alilipuliza vumbi. Akalitazama lile donge la uzi, akanitazama mimi.

"Nyanya yako hii," akasema, "imekauka kidogo."

Akaanza kufumua lile pindo la njano. Mimi nikarudi kwenye ufagio. Zilikuwa zimebaki siku ishirini na mbili.